Rangi Nyekundu Juu ya Skrubu ya Reguleta

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Ed-Debba. Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, saa 3:10 asubuhi.

Jina: Taha Sirelkhatim Bireima. Umri: miaka 41. Kazi: dereva wa lori la mizigo. Makazi: nyuma ya soko la tende, Ed-Debba.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Bushra Kheirallah, fundi umeme wa magari, ambaye mji mzima unamwita Osta. Yuko ndani hapa tangu juzi Ijumaa, kwa madai kwamba kazi yake mbovu ndiyo iliyounguza lori ninaloliendesha. Kazi yake haikuwa mbovu. Afande aandike hilo kwanza kabla sijaendelea.

Mnamo Jumamosi tarehe 6 Machi, saa 2 asubuhi, nilipeleka lori la tajiri wangu, Hajji Khojali, kwenye karakana ya Osta. Betri ilikuwa inakauka maji kila baada ya siku mbili. Osta akasema, "Taha, lori lako linakunywa maji kuliko mkweo anavyokunywa chai." Nikamwambia amwache mkwe wangu, ana shida zake.

Alikaza mkanda wa dainamo, kisha akafungua kisanduku cha reguleta, kile kinachoizuia dainamo isimwage umeme kupita kiasi. Nilikuwepo muda wote. Alichomeka kipande cha karatasi ya sigara kati ya ncha mbili zinazogusana, ili betri ijitenge na dainamo, akaunga mita, akaniambia nikanyage mafuta taratibu. Sindano ilipanda, ikasimama kwenye volti kumi na sita na nusu. Akazungusha skrubu mpaka ikashuka kumi na tano na robo. Nikamwuliza mbona anatubania. Akasema, "Kitabu cha lori kimeandikwa na watu wa baridi. Huku kwetu ukiiachia hivyo, itakupikia betri." Akachomoa karatasi, akaniambia niwashe taa zote, akapima na ampea. Zilikuwa ishirini na mbili, hakuzigusa. Kila kipimo alikifanya haraka, maana koili ikipata moto inamdanganya fundi.

Mwisho alidondosha tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu. Ndivyo anavyofunga kazi zake zote. Mkewe, Nafisa, hapaki rangi hiyo, hina inamtosha. Chupa nzima huishia kwenye malori yetu. Rangi ikiwa nzima, kazi ni ya Osta. Ikiwa imepasuka, kuna mtu ameingiza mkono. Aliniambia, "Bisibisi yako isifike hapa, umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Jumanne tarehe 9 Machi, saa 9 alasiri, niliondoka kuelekea Omdurman na shehena ya tende na abiria wanne juu yake. Magharibi iliponikuta jangwani, niliona taa zangu ni za manjano. Sisi madereva wa njia ile tuna mtindo wetu. Tunafungua kisanduku, tunaipa skrubu robo mzunguko, taa zinakuwa nyeupe, tunajiona mafundi. Nilijifunza hivyo kwa walionifundisha kuendesha. Nilisimama, nikachukua bisibisi yangu. Rangi ilipasuka kama ganda la yai. Sikuipa robo, niliipa nusu, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu ya kiburi.

Jumatano tarehe 10 Machi, mnamo saa 8 mchana, nilisikia harufu ya asidi. Kabla sijasimamisha lori vizuri, betri ikapasuka chini ya kiti na moto ukashika waya. Abiria wote waliruka salama, nashukuru Mungu. Kabini iliungua pamoja na nusu ya tende. Mimi niliungua mkono wa kulia. Reguleta ilipona, ndiyo hiyo mezani kwako.

Ijumaa tarehe 12 Machi, saa 4 asubuhi, lori lilikuwa limeshavutwa hadi uani kwa Hajji Khojali. Osta akaitwa, na konstebo alikuwepo. Alifungua kifuniko cha reguleta, akatazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliiona ile rangi iliyopasuka, nikamwona na yeye anaiona. Akaninyanyulia macho mara moja tu, akafunga kifuniko.

Hajji akasema, "Haya, sema. Hii kazi ya nani?"

Osta akasema, "Aliyeseti ni mimi."

Anajua leseni yangu ilishazuiwa mwaka juzi, na kwamba ikichukuliwa tena hairudi. Anajua nyumbani kwangu kuna midomo saba. Alipokuwa anaondoka na konstebo alinipita karibu, akasema, "Nenda ukafunge huo mkono." Mimi nikanyamaza. Naona aibu kulisema hili, lakini nilinyamaza.

Jana adhuhuri Nafisa alikuja kwangu na bakuli la ugali wa asida na mchuzi wa bamia. Akasema, "Osta ameagiza kutoka huko ndani. Anasema kaka Taha hawezi kukata tonge kwa mkono ule, nikukatie." Hajui lolote. Alikaa akanikatia matonge madogo, akayapanga pembeni ya bakuli. Nililia mbele yake, naye akadhani ni maumivu. Asida ikapoa, sikula.

Namshukuru Osta kuliko ninavyoweza kusema mbele ya afande. Alinipa nafasi ambayo sikuistahili, na nimeitumia kuja hapa. Leseni yangu hii naiacha mezani. Nusu mzunguko ule niliuzungusha mimi.

Ni hayo tu. Nimesomewa yote na sikuomba neno lolote lifutwe.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kushoto)

Maelezo ya afisa: Shahidi ameweka dole gumba kwa kuwa mkono wa kulia umefungwa bandeji. Rangi kwenye skrubu nimeikagua, imepasuka. Leseni imeingizwa kwenye jalada. Bushra Kheirallah ameachiwa saa 5:40 asubuhi. Hakuuliza lolote kuhusu kesi. Aliuliza kama asida ilimfikia Taha ikiwa bado ya moto.