Nilikwenda Robanda Nikiwa Sijanywa

Jumapili, saa kumi na mbili jioni, Kewanja. Mvua ilinyesha nikiwa safarini. Nimekuta barabara tope tupu, na mitambo ya mgodini inanguruma kama siku zote. Nimefunga mlango, nimevua viatu, nimekaa. Sijui niseme nimefurahi au nimeumia.

Hii ni wiki yangu ya tisa bila pombe.

Wiki tisa, na sijawahi kuwa peke yangu namna hii. Karibu wote niliokuwa nawaita rafiki tulikutana kwenye pombe ya gongo. Jirani yangu anayeipika bado ananisalimia kutoka uani kwake, "Mwalimu, umetutupa siku hizi!" Nacheka, naingia ndani, nakaa kitandani mpaka hamu ipite. Kanisani wananipa mkono haraka haraka na kuuachia. Siwalaumu. Waliwahi kuniokota mtaroni mchana kweupe, nimekumbatia madaftari ya watoto wa watu.

Leo nilikwenda kumwona binti yangu. Jina lake silitaji hapa. Ana miaka kumi na tatu na anaishi Robanda na bibi yake, mama wa marehemu mume wangu. Bibi alikuja kumchukua mwaka jana, na tangu siku hiyo sikuwa nimemwona.

Niandike sababu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimeanza kunywa kabla ya chai. Mtoto alikuwa jikoni anakoroga uji. Nikaingia, nikapepesuka, nikashika sufuria ili nisianguke. Uji wote ukamwagikia mkono wake wa kushoto. Akapiga kelele.

Mimi nikaenda kulala.

Alikwenda zahanati peke yake, kwa miguu. Nilipoamka mkono wake ulikuwa na bandeji, na jikoni alikuwa ameshapiga deki.

Mtu angedhani niliacha siku ile. Sikuacha. Mtoto alipochukuliwa nilikunywa zaidi, maana hakukuwa na wa kumficha. Mpaka siku niliyosinzia mezani mbele ya darasa la tatu, watoto wakakaa kimya kipindi kizima. Mwalimu mkuu aliniita, wala hakupandisha sauti. "Barua ya onyo nitaiandika, mwalimu. Lakini kwanza nenda hospitali."

Niliona aibu, nikajaribu kuacha mwenyewe nyumbani. Siku ya pili nilitetemeka nikashindwa kushika kikombe. Nikaona wadudu ukutani, nikigusa, hakuna kitu. Hapo nikaenda Tarime mjini. Muuguzi aliniambia mtu aliyezoea kunywa kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, hata kufa, ndiyo maana inabidi aache akiwa mikononi mwa wataalamu. Wakanilaza, wakanitundikia dripu, wakanipa dawa za kuutuliza mwili. Miaka yote nilijua ulevi unakemewa. Kwamba unatibiwa, sikujua.

Sasa kila Jumamosi nakwenda kwa mnasihi, tunakaa watu watano. Wenzangu wote ni wanaume. Wakisimulia walivyokuwa wanakunywa, wanaitikiana. Nikisimulia mimi, chumba kinanyamaza. Mama mlevi hata walevi wanamshangaa.

Nilifika Robanda kabla ya saa sita. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaweka ungo chini, akanikumbatia, na hakuniachia upesi. Nikajua ananinusa. Nikatulia anuse.

"Mwanao yuko shambani," akasema. "Tembo walipita juzi. Nenda ukamsaidie."

Nilimkuta ameinama katikati ya mabua yaliyolala, anaokota mahindi yaliyosalia. Amekuwa mrefu. Jua lilikuwa kali lakini alivaa sweta la shule la mikono mirefu.

"Shikamoo," akasema. Hakuongeza mama.

Nikainama, nikaokota naye. Aliponyoosha mkono kutupa hindi kwenye kiroba, sweta likapanda, nikaona kovu. Linaanzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda mpaka karibu na kiwiko. Sikujua ni kubwa kiasi kile. Sikuwahi kuliangalia.

"Linauma?"

"Hapana. Linawasha tu nikilala."

Kisha, bila kunitazama, "Umepona?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka.

"Sijapona. Natibiwa. Leo sijanywa, na jana sikunywa. Bado nataka kunywa."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi."

Akaendelea kuokota. Akasema shuleni wanamwuliza kuhusu mkono, naye huwajibu kwamba alijimwagia uji mwenyewe, alikuwa anacheza.

Nilikaa chini, palepale kati ya mabua. Mtoto wangu amejibebesha kosa langu mwaka mzima, mbele ya watu, na mimi nilikuwa huku naulilia upweke wangu.

"Usiseme hivyo tena. Waambie ukweli."

Hapo ndipo aliponitazama. "Kwa nini niseme mimi? Wewe ndiye ulifanya. Sema wewe."

Hakulia, wala hakusema kwa hasira. Nikamwuliza kama ananiruhusu kweli kuyaandika hapa. Akainua mabega, akasema, "Usitaje jina langu tu."

Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilipoaga hakuniambia nirudi lini, na mimi sikuthubutu kumwomba twende wote. Bibi yake ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. "Njoo mwezi ujao," akasema. "Ukinuka, nitakurudisha hapahapa barabarani."

Nikamwambia ni haki yake.

Kwa miaka mitatu nimeandika kwenye blogu hii bila jina. Nimewaandikia habari za ujane, za ukimya wa nyumba hii, za kuchoka na shule. Mlinihurumia sana. Pombe sikuwahi kuitaja hata mara moja.

Naitwa Rhobi. Nafundisha darasa la tatu. Mimi ni mlevi ninayetibiwa. Mkono wa binti yangu niliuunguza mimi, nikiwa nimelewa, kisha nikaenda kulala.

Kesho asubuhi nitaingia ofisi ya walimu, na najua kufikia hapo watakuwa wameshatumiana haya na kuyasoma, simu zao hazilali. Nitawasalimia kwa sauti gani?

Sijui. Ila nitaingia.