Mbeba Maji Asiyekunywa

Asmara, Jumatano 5 Machi 1997

Baba na Mama,

Nawabusu magoti kutoka huku mbali. Mnaendeleaje? Mgongo wa Mama umepoa? Mimi ni mzima, na Shangazi Hiwet ananitunza kama yai.

Mazoezi sasa yamekuwa mazoezi kweli. Klabu ya baiskeli ina waendeshaji kumi na wanne, lakini watakaokwenda kwenye ile ziara ya mashindano ya siku tisa mwezi wa tano ni sita tu. Keren, Barentu, Tesseney, halafu kurudi na kumalizia Massawa. Kocha Tekeste atatuchagua Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Siku hiyo tutashuka hadi Massawa baharini na kupanda tena hadi Asmara, kwenda na kurudi kabla jua halijazama. Sita wa kwanza kufika ndio sita wenyewe. Hana maneno mengi, yule mzee. Baba, nimelisubiri hili tangu nikiwa na miaka kumi na moja na miguu haifiki kwenye kanyagio za baiskeli yako.

Kwaresima imeanza Jumatatu. Naishika nadhiri ya Mama kama kila mwaka, sili wala sinywi hadi saa tisa alasiri. Nyumbani ilikuwa rahisi, nilikuwa nakaa darasani nikisinzia. Hapa tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa saba au saa nane. Baba, naomba umuulize Mama, kwa upole, kama nadhiri ingeruhusu maji. Maji tu. Njaa nitaivumilia.

Mwanao,
Fitsum

*

Adi Keyh, 11 Machi

Mwanangu Fitsum,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo wa mama yako unauma pale tu ninapoanza kuzungumzia serikali. Mvua bado.

Sasa iweke chini barua hii, nenda kwenye bomba la shangazi yako, unywe, ndipo urudi uendelee kusoma.

Umekunywa? Najua hukunywa. Basi nisikilize. Ulikuwa na miaka sita, homa ya uti wa mgongo imekupinda kama upinde. Mimi nilikubeba kwa daktari. Mama yako alikwenda kanisani kwa Mariam, akaahidi kwamba ukipona utafunga hadi saa tisa kila kwaresima, maisha yako yote. Ulipona. Daktari hakuahidiwa hata ahsante. Miaka kumi na minne nauliza swali moja tu na hakuna aliyenijibu, si shemasi wala askofu: mtu anawezaje kuweka rehani tumbo la mtu mwingine? Wewe hukuahidi kitu. Ulikuwa umezimia.

Nimemuuliza mama yako kwa upole, kama ulivyotaka. Anakubali kwa moyo wote, tena amelia. Lakini anasema nadhiri iliyotamkwa kanisani haifunguliwi na aliyeitamka. Hufunguliwa na baba wa roho wa nyumba, ndani ya nyumba, akiwa amepokewa na mwenye nyumba. Na hapo ndipo tulipokwama. Unakumbuka nilipobandika kurasa mbili kwenye lango la kanisa, mwaka ule mjane Abrehet alipouza dume lake la ng'ombe la kulimia ili kuandaa karamu ya kumkumbuka marehemu mumewe, na Keshi Tewelde, kasisi huyohuyo wa nyumba yetu, akakaa kichwani mwa meza akila nyama ya mwanamke aliyebaki bila kitu. Sikuandika uongo hata nukta. Tangu hapo, miaka minne, Keshi hajavuka kizingiti chetu. Anasema sharti lake ni dogo, niende mwenyewe niubusu msalaba ulio mkononi mwake. Nimemjibu kupitia mjumbe wake kwamba nitaubusu siku dume la Abrehet litakaporudi zizini.

Ningeweza kukuandikia tu kwamba amekufungua. Ungekunywa, ungeshinda, na asingejua mtu, maana kalamu ni yangu na mama yako hasomi. Sifanyi hivyo kwa sababu nataka unywe kwa akili yako mwenyewe, si kwa ruhusa ya mtu mwenye kilemba.

Kunywa.

Baba yako

*

Asmara, 20 Machi

Baba,

Nakubusu magoti, na Mama mbusie mabega kwa niaba yangu. Afya si mbaya. Nimepungua kidogo lakini Kocha anasema mlima hauwapendi wanene.

Barua yako nimeisoma, na ulichosema nadhani ni kweli. Lakini Mama alisimama pale kanisani akiwa na hofu, akatoa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni mimi. Nikinywa bila kufunguliwa, sitakuwa nimeshindana na Keshi. Nitakuwa nimemfanya Mama mwongo mbele ya Mariam. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo, wewe ndiye mwalimu.

Nikusimulie kitu ucheke. Kocha amenipa kazi ya mbeba maji. Wenzangu wakiishiwa, narudi nyuma hadi kwenye gari, najaza chupa sita ndani ya jezi, mbele na nyuma, halafu nawafukuzia mlimani niwagawie. Alisema mbele ya wote, "Fitsum ndiye pekee ninayemwamini, hatazinywa njiani." Walicheka hadi mmoja akapiga kona vibaya. Mimi pia nilicheka. Chupa zikiwa baridi huwa napenda zinavyogusa mgongo.

Sasa wananiita Mtawa. Jana tulikuta ukungu mzito juu ya Nefasit, na Kiflay, nahodha wetu, akanigeukia: "Mtawa, funga mdomo, huo ukungu ni maji." Baba, niliufunga kweli. Nilipanda kilomita tatu nikipumua kwa pua. Hebu muulize Mama kama ukungu unahesabika.

Na wewe nakuomba jambo moja. Nenda ukaubusu huo msalaba. Ni hatua mia mbili kutoka mlangoni petu.

Mwanao,
Fitsum

*

Adi Keyh, 27 Machi

Mwanangu,

Salamu. Wazima. Mama yako anasema ukungu hauhesabiki na upumue kwa mdomo. Amesema hivyo akiwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Unaniambia ni hatua mia mbili. Nimezihesabu, ni mia mbili na kumi na nne. Si urefu unaonizuia. Mjane yule leo anafua nguo za watu. Nikipiga goti mbele ya yule mzee, mji mzima utasema Mwalimu Andemariam amefuta maneno yake, na mwakani mjane mwingine atauza dume lingine, na hapatakuwa na wa kusema. Unaelewa ninachobeba? Mtu mmoja katika mji huu alisema kitu kwa sauti, akasimama pale alipokisemea. Unanitaka niketi.

Sikukaa bure. Nimemwandikia Kocha wako kurasa nne, nimemweleza damu inavyoganda mwili ukikosa maji, figo zinavyofanya kazi, na kwamba hata vitabu vya kanisa lenyewe vinamwondolea mfungo mgonjwa, msafiri na mjamzito. Na wewe, unayeendesha kilomita mia moja kila siku, ni nini kama si msafiri? Hoja hii haina mlango wa kutokea. Nimemtumia Keshi nakala. Amenirudishia salamu tu.

Mama yako alinikatiza wakati naandika. Akasema, "Unaandika kitabu, na mtoto ana kiu." Nimeliandika kwa kuwa aliagiza niliandike.

Kunywa, Fitsum. Kama hutaki kunywa kwa ajili ya akili, basi kunywa kwa kuwa baba yako amekuamuru.

Baba yako

*

Asmara, 4 Aprili

Baba,

Nakubusu magoti. Msihangaike, naandika mwenyewe na nimekaa kitini.

Jumanne niliona giza pale kwenye kona za juu ya Nefasit. Sikuanguka, Kiflay alinishika kiti akanisukuma hadi gari lilipofika. Nimepungua kilo sita. Barua yako Kocha aliipata, akaisoma yote, akanirudishia. Alisema, "Baba yako ni msomi sana. Mwambie mimi sihitaji kushawishiwa." Halafu akaniambia siku ya mchujo nije nikiwa nakunywa, au nije kutazama. Nilimwomba siku nzima. Mwishoni akasema basi, Jumamosi ile utakuwa mwendeshaji kama wengine, hubebi maji ya mtu, ila ukiona giza tena unashuka kwenye baiskeli mwenyewe. Nimemuahidi.

Katika kupanda mimi bado ni wa tatu au wa nne, Baba. Hata hivi nilivyo. Nikiwa na maji mwilini sijui ningekuwa wa ngapi, nalifikiria hilo sana barabarani.

Sikuombi ubadili mawazo. Uliyoandika langoni yabaki langoni. Nakuomba midomo yako tu, kwa kitambo cha kubusu.

Zimebaki siku nane.

Mwanao

*

Adi Keyh, Alhamisi 10 Aprili

Mwanangu Fitsum,

Amani iwe kwako. Sote tu wazima.

Nilikwenda jana jioni. Keshi Tewelde alikuwa uani akichambua dengu. Nilisema nimekuja. Akanawa mikono, akaleta msalaba, nikaubusu. Hakuniuliza lolote juu ya zile kurasa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani lakini hayakuhitajika. Tukatembea pamoja hadi nyumbani. Mama yako alimpigia magoti mlangoni. Akasoma sala, akanyunyiza maji ya baraka vyumba vyote viwili na kitanda chako, akatamka kwamba nadhiri imefunguliwa, na badala yake mama yako atawalisha maskini saba siku ya Pasaka. Yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha kwanza cha kahawa. Wiki nne nilizokuwa nikiandika, lilikuwa jambo la muda huo.

Umefunguliwa, mwanangu. Kula asubuhi. Kunywa njiani. Nisamehe nilivyochelewa.

Keshi aliuliza kama aongeze mstari wake hapa chini pamoja na mhuri wa kanisa. Nilimwambia haina haja, mwanangu anaujua mwandiko wangu.

Ningekuja mwenyewe lakini kesho nasimamia mitihani. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, ameapa ataifikisha kwa Hiwet kesho kabla ya adhuhuri.

Nakutakia upepo wa mgongoni.

Baba yako

*

Asmara, 15 Aprili

Baba na Mama,

Nawabusu magoti. Mwandiko huu ni wa Kiflay, mimi nasema yeye anaandika. Mkono wangu wa kulia umefungwa kifuani. Msiogope, kichwa ni kizima. Mfupa wa bega umevunjika, na nyonga ina ufa. Daktari anasema miezi minne kabla ya kupanda baiskeli, labda mitano.

Mteremko nilishuka vizuri. Massawa kulikuwa na joto la tanuri, wenzangu walijimwagia maji na mimi nikageuza baiskeli. Ghinda nilikuwa wa pili. Juu ya Nefasit, saa nane na nusu, nilikuwa wa kwanza, Baba, peke yangu, Kiflay hapa ni shahidi. (Ni kweli, Mwalimu. Sikumfikia. — Kiflay.) Giza lilipokuja niliona imebaki nusu saa tu kufika saa tisa, nikadhani naweza kuimaliza. Nilimuahidi Kocha nitashuka, na sikushuka. Kona niliiona ikiwa imeshapita.

Barua yako niliipata Ijumaa saa sita mchana, dereva alitimiza. Niliisoma mara tatu. Shangazi alikuwa amenimiminia chai, ikapoa mezani.

Baba, usikasirike. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba ungeweza kunitungia barua kama ile na asingejua mtu. Na ile ya Ijumaa haikuwa na ubishi hata mstari mmoja. Uliomba msamaha. Sijawahi kupata barua yako inayoomba msamaha, wala ya ukurasa mmoja. Nikasema, maskini Baba, ameona nitakufa kiu, ameamua kusema uongo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilikupenda sana kwa hilo. Lakini sikuweza kuinywea maji.

Bado sijui. Wauguzi wananiletea maziwa asubuhi, nayaweka dirishani hadi saa tisa. Niambieni ukweli tu.

Mwanenu

*

Asmara, 21 Aprili

Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie.

Mama alifika juzi, na karatasi yenye mhuri ambayo Keshi sasa ameiandika. Sikuifungua. Nilimuuliza yeye, akasema ni kweli, alikuwepo, uliubusu. Aliyachukua maziwa dirishani akaninywesha. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Yalikuwa matamu kiasi cha kunitia aibu.

Kocha alipita. Sita waliochaguliwa wamekwishapewa jezi. Asubuhi wanapita chini ya dirisha langu wakielekea njia ya Keren, nasikia minyororo yao kabla ya sauti zao. Kuanzia sasa nakula saa yoyote nitakayo. Sina tu pa kukipeleka hicho chakula.

Mama anasema umeanza kuniandikia barua ndefu, kwamba unataka kueleza. Nakuomba usieleze, Baba. Sina hasira. Ila ukieleza, nitakuelewa, na sitaki kuelewa sasa hivi. Niandikie habari za nyumbani tu.

Mwanao

*

Adi Keyh, 28 Aprili

Mwanangu Fitsum,

Salamu za Pasaka. Mimi ni mzima.

Mvua ilinyesha Alhamisi, si nyingi, vumbi limelala. Kuku mwekundu ameatamia mayai tisa. Shule imefungwa hadi Jumatatu ijayo. Mlango wa nyuma ulikuwa unalia, nimeutia mafuta.

Maskini saba walikula hapa jana kwa kuwa iliahidiwa. Nilipika mwenyewe mama yako akiwa huko, na mchuzi uliungua chini. Abrehet alikuja kunisaidia kugawa. Keshi naye alikuja, akakaa karibu na mlango, akala injera kavu, mkate mtupu bila nyama. 

Mwambie mama yako funguo za sanduku nimeziona.

Hapa palikuwa na aya nyingine. Nimeikata.

Baba yako