Mishale ya Neema

Jumatano, Moshono

Eti wamempigia makofi Neema, mwenzetu mpya hapa zahanati! Siku yetu ya kliniki ndiyo siku ya soko Kwa Mrombo, ndiyo maana akina mama wanachelewa. Hilo nilimwambia mimi, tukinywa chai. Leo kikaoni kalichora kwa miduara na mishale, mganga mfawidhi akasema, "Hongera binti, umeuona mfumo mzima."

Mimi niko zahanati hii tangu Neema akiwa shule.

Kwa wivu nikatafuta kosa kwenye mchoro wake, mshale kwa mshale: mama anachelewa, anafokewa na muuguzi, haji tena, ripoti inasema akina mama ni wazembe, muuguzi anazidi kufoka.

Kosa sikuliona. Anayefoka pale ni mimi peke yangu.

Na Neema hakuandika jina langu.