Mkono wa Esta

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Maji mnayapata hapo Kitangari, au bado mnayafuata bondeni? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unaniuma tangu uliponipigia simu kuhusu mwanangu.

Ulisema Esta alianguka kifafa wakati mnachoma korosho, mkono ukaingia kwenye makaa, na wote mkarudi nyuma. Nikakuuliza, "Na wewe, Mama?" Ukanijibu, "Mwanangu, povu lilikuwa linamtoka. Nani angemgusa?" Nililia mpaka wenzangu hapa maabara wakaacha kazi kunitazama.

Nina hasira, sikufichi. Lakini hata mimi nilipokuwa mdogo, jirani yetu alipoanguka kifafa njiani, nilikimbia kama ulivyonifunza. Tulimwacha pale juani.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani huku ugenini, nikakwepa. Nachunguza seli za ubongo wa panya. Kila seli ina vijimlango vya kupitisha potasiamu. Ikitoka nje, seli inatulia. Kuna mafuta kidogo sana kwenye ngozi ya seli, ndiyo yanayovisaidia vijimlango kubaki wazi. Mafuta hayo yakipungua, vinajifunga, na seli inachachamaa. Wengine huzaliwa na vijimlango vyenye kasoro, ndipo kifafa kinapoanza. Huenda Esta ni mmoja wao, hakuna aliyempima kasoro hiyo. Miaka minne nimeinamia vijimlango hivyo na sina dawa mpya ya kumletea. Hilo linaniumiza sana.

Dawa za kliniki Esta asiziache, hata akikaa muda mrefu bila kuanguka. Na lile povu ni mate tu, Mama. Haliambukizi. Akianguka tena, mvuteni mbali na moto, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye mpaka azinduke. Mimi kutwa nashika ubongo wa panya kwa uangalifu kama yai. Mwanangu aliungua, hakuna aliyemshika.

Nisalimie mjomba, katekista wetu wa Lulindi, umwombe awaeleze watu habari ya povu baada ya ibada. Nisalimie na dada yangu mkubwa kule Chiungutwa.

Esta usimpe salamu kwa maneno. Mshike ule mkono ulioungua, ukae nao kidogo, aone bibi yake hamwogopi.

Binti yako,
Agnesi