Paneli Aliyoigeuza Umulisa

Mama Spéciose, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, maana mke wangu Umulisa yuko kwa kaka yake Nyakabanda wiki ya tatu sasa na sijui nianzie wapi kumrudisha. Mimi ni fundi cherehani hapa Rwezamenyo, Kigali, umeme haujafika uchochoro wetu, kwa hiyo Januari ya mwaka huu wa 1992 nilipanda bati mwenyewe nikafunga paneli ya jua kwa kufuata kijitabu cha Kifaransa kilichokuja nayo, kinachosema isimamishwe ikitazama kusini, na taa ikawaka hata majirani wakaja kuangalia, lakini kufika Juni betri ikawa haijai, taa inazima hatujamaliza kula, na Umulisa akawa ananiambia kwamba kivuli cha nguzo ya kuanikia nguo saa sita mchana sasa kinalala upande wa kusini, yaani jua limehamia kaskazini na paneli yetu imeligeuzia mgongo, nami nikamjibu kwamba walioandika kitabu wamesoma kuliko yeye.

Nilipokwenda Butare mazishini alichukua ngazi, akapanda, akailaza paneli na kuielekeza kaskazini. Niliporudi taa iliwaka mpaka tukalala, nikafurahi, na wiki mbili nilishona bila moshi wa koroboi, na mama yangu akawa anakuja jioni kuchambua maharage kwenye mwanga huo, mpaka jirani alipomwambia nani alipanda. Mama akasema, "Ilyasi, mwanamke kupanda juu ya nyumba iko kirazira, iko mwiko. Wewe iko mwanaume gani? Rudisha ile kitu vile ilikuwa." Nikapanda, nikairudisha. Umulisa aliniona, akakunja nguo zake, akaondoka. Nampenda, Mama Spéciose, lakini nitamrudishaje bila kumvunjia mama yangu heshima?

Ilyasi, Rwezamenyo

*

Ilyasi, pole. Kula peke yako wiki tatu si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Kijitabu chako kiliandikiwa Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Kwetu linapita karibu na utosi, na linahama: Januari liko kusini kidogo, Juni kaskazini. Nimemuuliza Révérien, fundi anayefunga paneli za zahanati, akacheka. "Huyo mwanamke iko na akili ya fundi," akasema. Paneli ya Kigali hulazwa karibu bapa, ikainamishwa kidogo tu kuelekea kaskazini, ili mvua iteremke na vumbi. Mkeo aliyajua hayo kwa kuanika nguo.

Sasa usimsingizie mama yako. Yeye hakupanda bati. Ulipanda wewe, ukijua unaharibu, kwa sababu uchochoro mzima ulikuwa umeshajua nani aliliona kosa la paneli na nani hakuliona. Ulichagua koroboi kuliko aibu, na mkeo akakuona ukichagua.

Kesho asubuhi nenda Nyakabanda, na paneli usiiguse kwanza. Sema mbele ya kaka yake, "Umulisa alikuwa sahihi, nami nilijua." Kaka akikusema, nyamaza umsikilize. Mkirudi, mwite na mama yako, aje na maharage yake. Mwiko wake uheshimu: panda bati wewe, Umulisa asimame uani akuelekeze, ugeuze mpaka yeye aseme basi. Nina miaka sitini, na sijasikia mwiko unaomkataza mwanamke kusema akiwa chini.