Babu Anakitunzia Chuo Mwili, na Chuo Kimenunua Meza

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nimebanwa pande zote, ninaomba uninasue kabla babu yangu hajajimaliza kwa ukarimu, maana sijui jina jingine la kuuita ugonjwa wake huu.

Mimi nasomea udaktari, niko mwaka wa pili. Babu, baba yake mama, ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, na mpaka leo ana chumba chake cha kushonea upande wa barabarani, cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na redio ambayo ole wako uiguse. Macho yake ya karibu yalishachoka siku nyingi, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa akimtilia uzi kwenye sindano, na tangu bibi alipoingia chumba cha upasuaji asitoke, kazi hiyo nimeirithi mimi, kila asubuhi kabla ya kwenda chuo namtilia uzi sindano za kumtosha kutwa nzima na kuzichomeka kwenye kile kimto chake, naye ananikagua kama vile nafanya mtihani.

Sasa nilipokuwa mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani nikinung'unika kwamba tunasoma anatomia kwa kusukumana, darasa zima tumezunguka maiti moja kuukuu, sisi wafupi tunaokaa nyuma hatuoni kitu ila makoti meupe ya wenzetu, na nikasema kwa mzaha kwamba nitamaliza chuo nikiwa bingwa wa migongo. Babu hakucheka. Alisimamisha cherehani akasema, "Basi mimi nikifa nichukueni. Wajifunzie kwangu, wasijifunzie kwa mke wa mtu." Nikadhani yatapita. Wapi! Aliwaita wajomba zangu akawatangazia, mjomba mkubwa akainuka kutaka kuondoka, babu akamwambia, "Kaa chini. Mwili nimeuvaa mimi, wewe unakubana wapi?"

Tangu hapo ungemwona, Shangazi. Mtu aliyekuwa hali, hasemi, kanzu imemlegea tangu tulipomzika bibi, akaanza kula, akaanza kujipaka mafuta, akaanza hata kuimba huku anashona. Nikimkata kucha ananionya, "Taratibu, hiyo ni mali ya chuo." Mbu akimuuma anamfukuza kwa jina la chuo. Majirani wanamwita Profesa, naye anaitika.

Kisha ikaja ngiri. Ana uvimbe hapa kwenye kinena, akisimama sana kwenye meza ya kukatia unatokeza, anausukuma ndani kwa kiganja kama mtu anayerudisha droo, kisha anaendelea kumpima mteja kiuno. Nilimpeleka hospitali, daktari wa upasuaji akasema ni operesheni ya kawaida ila isicheleweshwe, utumbo usije ukanasa. Babu akakataa pale pale. "Siwezi kuwapelekea watoto nguo yenye kiraka. Wanataka mwili mzima." Tulipokuwa tunarudi akaniuliza kama ni kweli maiti hasikii kisu, nikamwambia ni kweli, hasikii, akashusha pumzi akasema, "Ndiyo maana nasema, huko baadaye wanikate wapendavyo."

Na sasa, Shangazi, chuo kimenunua meza. Ni kioo kirefu kama kitanda, ndani yake kuna mwili wa mtu uliotengenezwa kwa picha za kompyuta, ukipitisha kidole ngozi inaondoka, unapitisha tena yanaondoka mafuta, msuli, mpaka mfupani, unamgeuza utakavyo, na ukikosea ukakata mshipa usiopaswa, unabonyeza mara moja tu, kila kitu kinarudi mahali pake. Tumeubatiza Marehemu wa Umeme. Nami naipenda hiyo meza, sitaki kukudanganya, kwa mara ya kwanza nimeuona moyo wote na si mgongo wa mtu. Siku mhadhiri alipotangaza kwamba chuo chetu hakitapokea tena miili, darasa lote lilipiga makofi, nami nikapiga, halafu nikamkumbuka babu, nikaacha.

Nikimwambia hahitajiki tena, nitakuwa nimemnyang'anya kitu kilichomwinua kitandani. Nikinyamaza, ataendelea kuutunza mwili usiokuwa na pa kwenda mpaka ngiri imuue. Jana ameniuliza, "Wenzako hawajambo? Bado wananisubiri?" Nikajikuta nasema, "Wanakusubiri, babu." Akacheka kwa furaha, akaenda kwenye cherehani yake, mkono kwenye kinena.

Nifanyeje?

Ni mimi, Mtia Uzi.


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mbu aliyefukuzwa kwa jina la chuo amenichekesha mpaka jirani akabisha hodi. Mzee huyu nimempenda bure, na kwa sababu nimempenda, wewe leo utanisamehe.

"Wanakusubiri, babu"! Hivi ulijisikia? Unajua utumbo unapita wapi, unajua ukinasa kinafuata nini, umesomeshwa hayo, kisha unamwambia mzee wa watu kwamba kuna darasa zima linamsubiri afe? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walimsema mgonjwa. Hawakujua atatokea daktari mtarajiwa wa kumsaidia kuficha.

Haya, tumemaliza kugombana. Sasa isome tena barua yako. Umeandika kwamba bibi aliingia chumba cha upasuaji asitoke, ukaliweka jambo hilo katikati ya habari za uzi na sindano, ukalipita mbio. Babu yako hajalipita. Kiraka? Fundi cherehani gani anaogopa kiraka, mwanangu? Ameweka viraka maisha yake yote na hivyo hivyo ndivyo alivyokulea. Anachoogopa ni ule mlango. Mtu anayekubali kukatwa vipande akiwa hasikii, lakini hataki kuguswa padogo tu akiwa hai, anakuuliza njiani kama maiti anasikia kisu, halafu anashusha pumzi! Alikuwa anakwambia, wewe ukamjibu kama kitabu.

Sisemi ukarimu wake ni wa uongo. Ni wa kweli kabisa, ila hofu imepata mahali pazuri pa kujificha nyuma yake. Wala usidhani kwamba ukimwambia ukweli utamnyang'anya kitu. Alisemaje? Hakusema anatamani kulala juu ya meza yenu. Alisema wajifunzie kwake, wasijifunzie kwa mke wa mtu. Mzee alimpoteza mkewe, akatafuta njia ya kuhakikisha mwanafunzi anakosea mahali ambapo hapafi mtu. Na ndicho kitu ulichonieleza wewe mwenyewe: unakosea, unabonyeza, kila kitu kinarudi. Ombi lake limejibiwa, tena yungali hai kuliona. Ni wangapi hujaliwa hilo?

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi, ukishamaliza kutia uzi, usikimbilie chuo. Kaa kwenye kile kiti cha wateja, umwambie kwa kinywa chako, "Babu, chuo chetu hakipokei tena miili. Nilijua nikakuficha, nisamehe." Usizungushe, usilie kabla yake. Huenda akanuna. Huenda akasusa uzi wako ajitilie mwenyewe siku mbili tatu. Mwache, macho yake yatamrudisha kwako.

Akishatulia, mwendee mhadhiri wako umwombe ruhusa ya kumleta babu aione hiyo meza. Mweleze kisa chote bila aibu, mhadhiri naye ana wazee. Siku hiyo mwache mzee avae koti lake zuri, na wenzako waambie wamwamkie vizuri, kwa sababu alikuwa tayari kuwapa alichokuwa nacho. Mwache apitishe kidole chake mwenyewe. Mwache akate vibaya kwa makusudi, abonyeze, aone mtu anarudi mzima. Hapo funga mdomo. Usimweleze chochote mpaka aseme yeye.

Halafu ndipo umwonyeshe kinena. Mwonyeshe tabaka moja baada ya jingine, mwonyeshe mahali palipoachia na utumbo unapopenyea. Usimhubirie habari za kushona, ataziona mwenyewe.

Na mkirudi nyumbani, usimwambie "usiogope." Muulize habari za siku ile ya bibi. Nina hakika hakuna mtu katika nyumba hiyo amewahi kumuuliza, wote mnamzunguka kwa adabu, naye amejificha ndani ya nyimbo zake. Akishaisema, mrudisheni kwa daktari, na safari hii aingie na maswali yake: bibi alikuwa na nini, mimi nina nini, nitalazwa kwa nusu kaputi au nitatiwa ganzi nusu ya mwili nikiwa macho? Maswali hayo ayajibu daktari, si wewe. Wewe ni mwaka wa pili, usimwahidi mzee usichokijua. Na uvimbe ukiwa mgumu ukakataa kurudi, au akipata maumivu makali, au akianza kutapika, achana na mhadhiri, achana nami, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo.

Wajomba nao waite. Yule mkubwa aliyetaka kuondoka, mpe kazi ya kumsindikiza baba yake. Utashangaa atakavyofika mapema.

Ila mlangoni kaa wewe. Kaa pale pale alipoingilia bibi, usiende kununua chai, usitazame simu. Mzee atakapokuwa anasukumwa kuingia, atageuza shingo kukutafuta, na huenda akakuuliza kwa ule mzaha wake kama bado kuna wanaomsubiri. Hapo ndipo umjibu lile lile ulilomjibu mara ya kwanza, maana siku hiyo litakuwa kweli.