Aya Yangu Ubaoni

Garsen, Alhamisi, 12 Machi 1998

Mwalimu wa Kiingereza aliniambia niandike ukweli, hakuna atakayesoma ila yeye. Ndiyo maana nilimwandikia jinsi baba alivyopanda mtumbwi na mke wake mdogo siku ya mafuriko, akatuacha na mama juu ya kichuguu.

Leo nimeingia darasani nikaikuta aya yangu ubaoni. Ameondoa nukta na herufi kubwa zote, eti tuzirudishe.

"Sentensi inayobeba wazo kuu ni ipi?" akauliza.

Habiba, jirani yetu kijijini Idsowe, akaisoma: baba alituacha. Kisha akageuka kunitazama.

"Vizuri, Habiba. Na zinazofuata zinaeleza nini?"

Zinaeleza mama alivyolia, mwalimu. Sikusema. Nilitoka nje.

Akanifuata. "Lakini sikuandika jina lako," akasema, kana kwamba Idsowe kuna mtu asiyejua ni baba wa nani.

Naogopa mama atasikia kwa mamake Habiba kabla sijamwambia mwenyewe.

Kesho kuna insha nyingine, kuhusu familia. Nitaandika kwamba sisi hatujambo, na kila nukta itakuwa mahali pake.